Ubao Mpya Katika Umbo la Kale

Kila kitu kilichofanywa kwa mkono wa mtu hufikia siku ya kumwuliza mrithi wake swali. Nyumba huuliza kwa kuvuja, nguo kwa kuchanika, chombo cha bahari kwa kuingiza maji. Swali lenyewe ni fupi: Je, utanirudisha nilivyokuwa, utanigeuza upendavyo, au utaniacha nife? Watu wengi hulijibu kwa kutazama mfuko wao, wala hawastahili lawama, kwa kuwa mfuko nao ni mshauri. Lakini ndani ya swali hilo mna jambo la haki na jambo la kweli ambayo mfuko hauwezi kuyaamua. Nataka kuyachungua mambo hayo katika kitu kidogo kilicho mbali na siasa na dini: tela la kale la kusafiria la Kimarekani, ambalo kuta zake za ndani zilizopinda zimepasuka, na mwenye tela anataka kuweka mbao mahali pake.

Tela la namna hiyo ni chumba chenye magurudumu kinachokokotwa na motokaa. Ndani yake mna kitanda, jiko, kabati na mahali pa kunawia, vyote vimebanwa kama vitu katika chumba cha nahodha. Lijulikanalo kuliko yote ni lile liitwalo Airstream. Asili ya umbo lake ni elimu ya ndege. William Hawley Bowlus, aliyesimamia kazi katika kiwanda kilichounda ndege ambayo Charles Lindbergh aliivukia bahari ya Atlantiki mwaka 1927, alitoa tela lake la alumini mwaka 1934. Wally Byam akaufuata mfano huo, na mwaka 1936 akatoa Airstream ya alumini iitwayo Clipper. Mabati yake yalishonwa kwa ribiti juu ya mbavu nyepesi, na ncha zake zilivirigwa kama yai ili upepo upite bila ya kugombana nazo. Bara letu si geni kabisa kwa vyombo hivi. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town. Ulipita Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 ukafika Cairo.

Nje ya tela hilo ni alumini. Ndani yake mambo yalibadilika kwa zamani. Katika matela mengi ya mwisho wa miaka ya 1960 na ya miaka ya 1970, ncha za ndani, yaani sehemu zile zilizobinuka mbele na nyuma kama nusu ya kibuyu, zilifunikwa kwa plastiki iliyokandikwa kiwandani katika kalibu. Plastiki ilikuwa fahari ya wakati wake: nyepesi, safi, haina kiungo, tena haihitaji rangi. Lakini jua na joto ni wadai wasiosamehe. Baada ya miaka 40 au 50 plastiki hiyo hugeuka manjano, hukauka, na hupasuka pembeni mwa madirisha na mahali pa skrubu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ndio unaotakiwa kujengwa. Mwenye tela hutazama, hupima, kisha husema moyoni: Nitaweka mbao. Mbao hupendeza macho, hunukia vizuri, na mkono hufurahi kuzigusa.

Kabla ya kumhukumu, yafaa tujue kwamba mbao zenyewe humhukumu kwanza. Ubao mwembamba wa plaiwudi, wenye unene wa milimita 3, hukubali kupindwa upande mmoja, hasa kama nyuzi zake za nje zimelala sambamba na mhimili wa tao. Ukilowa maji ya moto hutii zaidi. Lakini haukubali kupindwa pande mbili kwa mara moja. Jaribu kuufunika mtungi kwa karatasi moja bila ya kuikata. Karatasi itakunjamana au itachanika. Mwaka 1827 Carl Friedrich Gauss, mwanahesabu wa Kijerumani, alitoa uthibitisho ambao ndani yake mna sababu ya jambo hilo: sura iliyo bapa haiwezi kuwa sura ya tufe pasipo kunyoshwa au kupasuliwa. Kwa hiyo fundi hana budi kuikata plaiwudi vipande vyembamba, vipana chini na vyembamba juu, mfano wa ganda la chungwa lililochanwa kwa uangalifu. Kila kipande hupimwa kwanza kwa karatasi ngumu, hukatwa, hujaribiwa, hupunguzwa tena, na mahali pa kukutania vipande hufunikwa kwa ufito mwembamba. Ulichofanya kiwanda kwa kugandamiza mara moja, fundi hukifanya kwa siku nyingi za subira.

Katika kazi hiyo mna fundisho la kwanza. Mtu hudhani kwamba yeye ndiye atoaye amri, na kitu hupokea. Kumbe kitu nacho kina neno lake. Umbo la kale husema, “Nipinde hivi”; ubao hujibu, “Siwezi, ila unikate”; na fundi mwema ni mpatanishi kati ya wawili hao. Fundi asiye na subira hulipunguza umbo ili lifae ubao wake: huipiga ncha ile ya yai ikawa bapa, akaweka pembe mahali pasipokuwa na pembe. Hapo ubao umeshinda, na aliyelitunga tela amenyang’anywa kitu ambacho ni chake zaidi kuliko plastiki, maana plastiki aliinunua, lakini umbo alilifikiri.

Fundisho la pili ni kwamba kitu hakiondolewi mahali pake kabla ya kujulikana kinachukua mzigo gani. Katika tela la Airstream kuta za ndani za alumini si pambo tu. Ngozi ya nje na ngozi ya ndani, pamoja na mbavu zilizo katikati, hushirikiana kulibeba tela katika mitikiso ya njia, kama zifanyavyo ngozi na mbavu za ndege. Mwenye haraka aziondoaye zote kwa ajili ya kuweka mbao laini anaweza kuuona mwili wa tela ukilegea, naye asijue ametenda kosa gani. Ncha za plastiki hazina kazi kubwa kama hiyo. Lakini hayo hayajulikani kwa kukisia, yajulikana kwa kuchunguza. Ni vitu vingi duniani vionekanavyo kuwa pambo, kumbe ni nguzo. Na vingi vionekanavyo kuwa nguzo, kumbe ni pambo. Haki ya kubadili huanza katika kujua tofauti yake.

Sasa natukabili swali lenyewe. Wanafalsafa wamezoea kuliuliza kwa njia ya merikebu ya Theseus. Plutarch alisimulia kuwa watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya shujaa huyo kwa kutoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana kama ni merikebu ile ile au ni nyingine. Katika mwaka 1655 Thomas Hobbes aliikaza fumbo hiyo: Je, mtu akiziokota mbao za kale zote, akaziunga tena kwa mpango wake wa kwanza, merikebu ya kweli ni ipi kati ya mbili? Fumbo hiyo ni tamu kwa akili, lakini nadhani haigusi kiini cha mambo yetu. Mwenye tela hana shaka kuwa tela lake ni lile lile; ana hati yake na funguo zake. Swali linalomhusu haliulizi kama tela ni lile lile. Lauliza kama yeye ni mkweli.

Wazungu wa karne ya 19 walilibishania swali hili kwa ukali juu ya makanisa yao. Katika Ufaransa Viollet-le-Duc alishika kwamba kukitengeneza kitu cha kale ni kukipa ukamilifu, hata kama ukamilifu huo haukupata kuwapo wakati wo wote. Katika Uingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849, alishika kwamba matengenezo ya namna hiyo ni uwongo, na kwamba heri kukitunza kitu kwa siku zake, kisha kukiacha kife kwa heshima. Mwaka 1964 wajuzi waliokutana Venice walichagua njia ya katikati: sehemu mpya ipatane na nzima, lakini iweze kutambulikana na sehemu ya asili, ili matengenezo yasitoe ushahidi wa uwongo.

Neno ushahidi ndilo linalonishika. Tela la mwaka 1972 lenye plastiki ndani lashuhudia watu walioamini kuwa plastiki ni kesho yao. Imani hiyo inaweza kutuchekesha leo, lakini ilikuwa imani yao. Atoaye plastiki akaweka mbao zilizong’arishwa kwa vanishi, kisha akawaambia wageni, “Tazameni jinsi wazee walivyojenga,” hakulirudisha tela katika siku zake. Amelizulia siku ambazo halikuziishi. Amelizeesha kwa uzee usio wake. Ama yale matela mengine ya miaka ya 1950, yenye mbavu za mbao na kuta za plaiwudi tangu kiwandani, ambayo Wamarekani huyafananisha na kopo la nyama, hayo yakipewa plaiwudi mpya mahali pa ile iliyooza hupewa haki yake. Tendo ni moja, ubao ni mmoja, msumari ni mmoja. Lakini katika tela hili ni kurudisha, na katika tela lile ni kugeuza. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Ni ulimi tu unaoweza kuitangaza au kuificha.

Najua mtu atanipinga, naye atapinga kwa sababu nzuri. Atasema: Tela si kaburi la mfalme, ni nyumba. Watoto hulala ndani yake, chai huchemshwa ndani yake. Mwenye kukaa ana haki juu ya ukuta anaoutazama kila asubuhi. Tena waundaji wenyewe walikuwa wakibadili mali na mipango kadiri miaka ilivyokwenda. Kwa nini mrithi awe mtumwa wa mwaka mmoja? Hoja hii ina nguvu, nami sina nia ya kuikwepa. Huko Japani, katika patakatifu pa Ise, majumba ya mbao hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Hakuna mti wa kale unaobaki katika nyumba hizo, lakini hakuna mtu anayedanganywa, kwa maana upya wake hutangazwa kwa sherehe, na kinachorithiwa ni umbo pamoja na ustadi wa mikono. Hata katika pwani yetu jahazi hubadilishwa mbao na mataruma mara nyingi, likabaki na jina lake, wala hapana aliyelia kuwa ameibiwa. Basi mali ya kitu si kitu kitakatifu, na kuibadili si dhambi.

Kwa hiyo sisemi kwamba mwenye tela asiweke mbao. Nasema kwamba akiweka, ana watu watatu wa kuwalipa haki zao. Wa kwanza ni aliyeliunda tela, naye hulipwa kwa kuheshimiwa umbo lake, hata kama heshima hiyo yataka kukata vipande 12 mahali ambapo 3 vingeficha uvivu. Wa pili ni anayeliona na anayelinunua, naye hulipwa kwa jina la kweli: hii ni kazi mpya, ya mkono wangu, ya mwaka huu. Wa tatu ni atakayelirithi, ambaye bado hana sauti. Huyu hulipwa kwa skrubu badala ya gundi, ili aweze kutengua alilofanya mwenzake. Kwa kipande cha plastiki ya kale kilichohifadhiwa badala ya kutupwa. Na kwa mstari mmoja wa kalamu ya risasi nyuma ya ubao, wenye kutaja mwaka na kilichokuwapo kwanza. Ni gharama ndogo, lakini wengi hawaitoi, kwa sababu haionekani na mgeni ye yote.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Anayekigeuza kitu cha kale na kukiri amekiongeza historia yake. Anayekigeuza na kunyamaza ameipunguza, hata kama ukuta wake ni mzuri mara kumi. Aibu yetu juu ya mambo ya jana, yale yasiyo ya kale ya kutosha kuheshimiwa wala mapya ya kutosha kupendwa, hutushawishi kuyafuta na kuweka mahali pake jana nyingine iliyotungwa na matamanio yetu. Twaifanyia hivyo plastiki. Twayafanyia hivyo majengo, desturi na maneno. Kisha mtoto hukua akiamini kwamba babu zake waliishi katika vanishi inayong’aa, naye hujiona duni kwa plastiki anayoishi nayo. Ubao mpya una haki ya kuwa mzuri. Hauna haki ya kujiita mzee.