Kumtumaini Mungu si Kumjaribu



Mara nyingi naulizwa swali hili: Je, amtumainiye Mungu kwa moyo wote, yampasa kutafuta dawa? Wako wasemao ya kuwa kunywa dawa ni imani haba. Na wako waombao kanisani mchana, kisha usiku humwendea mpiga ramli kwa siri, ili huyu akishindwa, yule aweze. Watu hawa waonekana mbalimbali, lakini kosa lao ni moja: wote wamemwekea Mungu sharti.

Na tumtazame Martin Luther. Mwezi wa Agosti mwaka 1527 tauni iliingia mji wa Wittenberg. Chuo kikuu kilihamia Jena, na mtawala wa nchi akamwagiza Luther naye aondoke. Hakuondoka. Alikaa pamoja na mchungaji Johannes Bugenhagen, wakawahudumia wagonjwa. Hata nyumba yake ikawa kama hospitali, na mkewe Katharina alikuwa mja mzito.

Wakati ule alimjibu kwa waraka Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyetaka kujua kama Mkristo ana ruhusa kuikimbia tauni. Alifundisha hivi: Mchungaji, mtawala, na jirani ambaye mgonjwa hana mwingine ila yeye, wasiwaache watu wao. Asiyefungwa na wajibu huo aweza kwenda, wala asihukumiwe. Naye akaaye atumie dawa, afukize nyumba yake, asiende mahali asipohitajiwa. Maana adharauye dawa hamtumaini Mungu, bali anamjaribu. Bwana wetu naye, juu ya kinara cha hekalu, alikataa kujitupa chini.

Lakini swali halijaisha. Mwezi wa Desemba mwaka ule Katharina alimzaa binti, Elisabeth. Mwezi wa Agosti 1528 mtoto yule alikufa. Basi, kutumaini kwa Luther kulikuwa bure?

Nami niungame. Mwanangu alipougua homa kali, nilimpeleka kwa mganga wa hospitali, nikapiga magoti. Kumbe ndani ya sala yangu mlikuwa na biashara: "Bwana, nimekutumikia miaka mingi, sasa nilipe." Mtoto alipona, lakini aibu haikuniondoka. Nilijiuliza: Kama asingalipona, je, ningalisimama madhabahuni Jumapili ile?

Ndipo nilipowafahamu wale vijana watatu wa Babeli mbele ya tanuru. Walijua ya kuwa Mungu aweza kuwaokoa. Hawakujua kama atawaokoa. Hata hivyo hawakuisujudia sanamu. Hawakutumaini wokovu wa siku ile tu, walimtumaini Mungu mwenyewe.

Moyo kama huo haupatikani kwa siku moja. Mkulima hulima, hupanda, hupalilia. Lakini haifukui mbegu kila asubuhi apate kuona kama imeota. Vivyo hivyo nasi tufanye kazi iliyo mikononi mwetu, tumpe mgonjwa dawa, tumwangalie jirani. Na mwisho wake tumwachie Baba, tukiisha kumwambia haja yetu bila kumtoza deni. Na akitunyima tulichoomba, tulie mbele zake, wala tusitafute mlango mwingine.

Bwana na aimarishe imani yetu haba. Amin.