Kiti Kisichogeuzwa

Katika mji wa Leicester, Uingereza, bibi mmoja mzaliwa wa Unguja aliishi na binti yake na wajukuu. Nyumba yao ilikuwa kama nyingi za huko: nyembamba, ya ghorofa, vyumba vya kulala na bafu viko juu. Magoti yalipomkaza, ngazi zikamshinda. Halmashauri ikawasaidia kwa ruzuku ya wenye ulemavu, ambayo huko inaweza kufika pauni 30,000, wakafungiwa kiti cha ngazi, kinachopanda polepole kwa betri juu ya reli iliyokazwa kwenye vidato.

Fundi aliwaelekeza vizuri. Kaa, funga mkanda, bonyeza kitufe usikiachie. Ukikiachia kiti kinasimama. Penye kuwekea miguu pana vihisi: vikigusa kiatu au mdoli ulioachwa ngazini, kiti kinasimama. Umeme ukikatika, betri inatosha safari chache, mradi kiti kiegeshwe mahali pake pa kuchajia.

Jambo moja alilirudia. "Mama, ukifika juu usinyanyuke kabla hujakigeuza kiti. Vuta wenzo huu, kizunguke mpaka kitazame ukumbi na kijifunge. Ngazi zitakuwa nyuma yako na miguu itakanyaga sakafu."

Miezi ikapita, wenzo ukawa mgumu. Binti akasema atamwita fundi mshahara ukitoka. Bibi akamtuliza: "Usijisumbue, mwanangu. Nitashuka hivihivi, ni hatua moja tu." Akawa anashuka hivyo kila siku bila kudhurika, na huko kutodhurika ndiko kulikowadanganya. Mshahara ukatoka, fundi hakuitwa.

Jioni moja adhana ya Magharibi ikalia kwenye simu. Bibi akapanda haraka kwenda kutawadha. Kiti kikafika juu na kusimama, kikiwa bado kimeelekea ukutani. Akafungua mkanda, akajipinda, akashusha mguu. Unyayo ukakuta ukingo wa kidato badala ya sakafu, ukateleza. Binti alipotoka jikoni alimkuta mama yake chini, nyonga imevunjika. Alipasuliwa, akapona kiasi, lakini ghorofani hakupanda tena. Kitanda chake kikahamishiwa sebuleni.

Mota ilikuwa nzima, reli nzima, betri imejaa. Kilichoharibika ni wenzo mmoja, na wote nyumbani walijua. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wewe mwenye mzazi anayetumia kiti hiki, kipande mwenyewe leo. Jaribu mkanda, vihisi na wenzo wa kugeuzia, kisha uondoe viatu na midoli ngazini. Mwite fundi akikague kila mwaka, na papo hapo unapoona hitilafu hata ndogo. Mpaka atakapokitengeneza, mzee wako asikipande. Afadhali alale sebuleni usiku mmoja kuliko kulala humo maisha yake yote.