Mguu wa Kushoto

Masomo: 2 Wafalme 9:14-20, Matendo ya Mitume 8:26-39



Jehu mwana wa Nimshi alikuwa bado mbali, vumbi tu linaonekana, na mlinzi wa Yezreeli akamtambua. Hakuona uso wake. Alimtambua kwa namna alivyokimbiza gari lake la farasi bila kiasi. Basi ninawauliza: watu wakiona vumbi letu kwa mbali, watasema nani anakuja?

Mimi nilijifunza kuendesha motokari nikiwa nimepita miaka hamsini. Parokia yetu ilikuwa na kamionete ya zamani, na shofere wetu aliugua. Kijana mmoja wa garaji, mtoto wa imani yetu, akakubali kunifundisha jioni kisha kazi. Akaniambia: « Papa Mchungaji, mguu wa kuume una kazi mbili, aksileratere na freni. Wa kushoto una kazi moja tu, ambreyaji. Lakini huo wa kushoto ndio utakaokusumbua. »

Siku ya kwanza nilizima motere mara nane. Watoto wa kartie walikuja kutazama, wakacheka sana. (Wacheke, hata mimi ningecheka.)

Kijana akafungua kifuniko cha mbele, akanieleza. Ndani mna sahani ya chuma inayobanwa juu ya gurudumu zito ambalo motere inazungusha. Ukikanyaga ambreyaji, sahani inaachana na gurudumu lile: motere inazunguka peke yake, gari linasimama. Ukiachia, vinashikana tena. Lakini ukiachia kwa ghafula, motere inapashwa kuamsha uzito wote mara moja, na haiwezi, inakufa. Ukiachia pole pole, unafika mahali ambapo gari linatetemeka kidogo na sauti ya motere inashuka. « Hapo ungoje, Papa. Hapo vinazoeana. »

Neno hilo lilinichoma, nami sitawaficha sababu yake.

Kijana mwingine alikuja kwetu, mnywaji wa lutuku tangu utoto wake. Alipiga magoti, akalia machozi ya kweli. Juma lile lile nikampa amri zote kwa mara moja: pombe, tumbako, dansi, na zingine zote. Nikamsimamisha mbele ya mkutano. Nikamwandika katika nsinsani, yeye asiyekuwa na kazi. Juma la tatu alifika mlangoni akinuka lutuku, nami nikamkemea mbele ya watu wote. Alitazama chini, akavaa viatu vyake, akaenda. Miaka miwili sasa hatujamwona.

Ndugu, sisemi kwamba amri zitolewe. Gari lisilo na freni linaua watu. Ninasema kwamba nilitia vitesi ya tano katika gari lililokuwa limesimama. Vitesi ya kwanza haina mbio, lakini ndiyo yenye nguvu ya kuondoa mzigo mahali ulipo.

Sisi tunasema Bolingo, Mibeko, Misala. Pedali tatu. Mfano huu haukukamilika, mifano yote inachoka njiani, lakini mnisikilize. Misala ndiyo aksileratere, na tunapenda sauti yake: fanfari, kwaya, matofali ya hekalu. Mibeko ni freni. Bolingo ni ambreyaji. Haipigi kelele, wala haiongezi mbio, lakini pasipo yenyewe nguvu iliyo ndani yako haimfikii mwenzako.

Mnaotoka Kivu mnajua mlima wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu. Kamio lenye mzigo linashuka kwa vitesi ndogo, motere yenyewe inalishika. Shofere anayetoa vitesi ili asimalize mafuta anabaki na freni peke yake. Zinapata moto, kisha zinakataa. Kuna Wakristo wanaoshuka hivyo, amri tupu na moyo umetolewa. Nimekuwa mmoja wao.

Tazameni Filipo. Roho alimwambia aende karibu na gari la yule Mwetiopia. Alikimbia kando yake, akasikiliza, akauliza swali moja. Alipanda alipoitwa tu. Maji ya ubatizo yalikuja nyuma, na aliyeyaomba ni mwenye gari.

Wengine watasema kwamba pole pole ni uvivu. Papa Simon Kimbangu alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, na mwezi wa Septemba alikuwa amekwisha kukamatwa. Kisha karibu miaka 30 ya gereza, hapa katika mji wetu, ulioitwa wakati ule Élisabethville, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Serikali ya wakoloni ilikanyaga pedali kwa uzito wake wote: motere gerezani, magurudumu vijijini. Kwa macho hakuna kilichotembea. Lakini motere haikuzimika, na tarehe 24 Desemba 1959 serikali ile ile ililitambua Kanisa.

Jumapili hii kisha ibada nitakwenda Katuba, nyumbani kwa kijana yule. Sitachukua kitabu cha amri. Nitamwomba msamaha kwa maneno niliyomwambia mlangoni, na kuuliza habari za mama yake aliyekuwa mgonjwa. Anayetaka kunisindikiza tuonane mbele ya hekalu. Tutakwenda kwa miguu; kamionete itabaki, maana kwenye kilima bado inanirudisha nyuma.