Kisu Kikali ni Haki ya Mnyama

Uwanja wa Al Thumama, upande wa kusini wa Doha, una umbo la kofia. Msanifu wake, Ibrahim Jaidah wa Qatar, aliichukua gahfiya, ile kofia nyeupe ya kufuma ambayo wanaume wa Ghuba huivaa chini ya ghutra tangu utotoni, akaikuza ikawa jengo la watazamaji 40,000, lililofunguliwa tarehe 22 Oktoba 2021. Mswahili anayeishi mtaa huo hahitaji kuelezwa maana yake, kwa kuwa kofia anaijua. Anajua kwamba kofia ya vitobo ya Unguja au Lamu huchukua wiki nyingi mikononi mwa mshonaji, kila kitobo kikizungushiwa uzi wake, na kwamba ya mashine hupatikana dukani kwa bei ya chee. Anajua vilevile ipi huvaliwa siku ya Idi. Heshima ya kazi ya mkono kwetu haina ubishi. Lakini je, heshima hiyo inabaki pale kitu kilichotengenezwa kwa mkono kinapokuwa ni chombo cha kuulia?

Swali hili lina watu wake. Wako mafundi wanaojitengenezea nyumbani bunduki ya mitutu miwili, ile waliyoibeba wawindaji wa tembo na nyati Afrika Mashariki zama za ukoloni, kisha huenda kuwinda nayo. Marekani, sheria ya taifa humruhusu mtu asiyezuiwa kumiliki silaha ajitengenezee bunduki kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa baadhi ya majimbo yameweka masharti. Kwa wengi wao ni jambo la fahari: mnyama aliyeanguka kwa bunduki ya mkono wao huonekana kuwa wao zaidi kuliko aliyeanguka kwa bunduki ya duka. Mimi naona kinyume. Mkono haumwongezei mwindaji haki hata chembe, unamwongezea dhamana. Mwenye kutengeneza chombo cha kuulia na kukitumia mwenyewe amejifungia milango yote ya udhuru, na kazi yake hupata thamani mbele ya Mungu pale tu anapokubali kwamba milango hiyo imefungwa.

Ushahidi wa kwanza uko Doha penyewe. Kila Septemba, katika kijiji cha utamaduni cha Katara, hufanyika maonyesho ya S'hail, ambako kozi wa kuwindia na bunduki za kuwindia huuzwa chini ya paa moja. Souq Waqif ina hospitali ya kozi peke yao. Mtu anaweza kudhani ni anasa tu ya matajiri, lakini nyuma yake ipo hukumu nzito. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama wa kuwindia kwa sharti kwamba wamefunzwa, na kwamba aliyewafunza amewafunza kwa elimu aliyopewa na Mungu. Mtume akamfafanulia Adiy bin Hatim: mbwa aliyefunzwa akikukamatia, kula, akila mwenyewe katika windo, usile, kwani huenda amejikamatia nafsi yake. Fikiri maana yake. Sungura wawili wamekufa kwa meno yaleyale, jangwa lilelile, saa ileile. Mmoja ni chakula, mwingine ni kibudu. Kinachowatofautisha ni kazi iliyofanywa miezi kadhaa kabla, nyumbani, mtu alipokaa na mnyama wake akimfunza kwenda akitumwa na kurudi akiitwa. Basi maandalizi ya chombo yamo ndani ya hukumu ya kifo chenyewe, na wala hayawezi kuhesabiwa kuwa jambo la pembeni.

Mafundisho hayohayo kwa Adiy yanakwenda mbali zaidi. Mshale ukichoma kwa ncha yake, windo ni halali. Ukipiga kwa ubavu, mnyama amekufa kwa kipigo na haliwi. Ukimkuta mbwa wako kando ya windo pamoja na mbwa wengine, acha, kwa sababu hujui ni yupi aliyeua, na jina la Mungu ulimtajia wa kwako tu. Windo likianguka majini likafa, acha pia, kwa sababu hujui kama limekufa kwa mshale wako au kwa maji. Hukumu zote hizi zinatafuta jambo moja: kifo kiwe na mwenyewe. Lazima iwezekane kukifuata kutoka kwenye jeraha, hadi kwenye chombo, hadi kwenye mkono, hadi kwenye nia ya mtu mmoja anayejulikana. Mnyororo huo ukikatika popote, hata kwa shaka tu, nyama inaachwa porini. Sheria imekubali mtu alale na njaa kuliko ale kifo kisichokuwa na mwenyewe.

Sasa tumtazame huyo fundi wa mitutu miwili mezani kwake, kwa sababu hapo ndipo mnyororo unapokuwa mfupi kuliko mahali pengine pote. Kazi yake ngumu kuliko zote ni kuifanya mitutu miwili ipige mahali pamoja. Mtu asiyejua angeilaza sambamba na kudhani amemaliza. Lakini mtutu wa kulia ukifyatuka, bunduki huanza kurudi nyuma, kupanda na kuelekea kulia kabla risasi haijatoka mdomoni. Wa kushoto huipeleka kushoto. Kwa hiyo midomo ya mitutu husogezwa ikaribiane kidogo, na kiasi cha kusogeza hakijulikani kwa hesabu peke yake. Fundi huweka kabari ndogo ya chuma kati ya midomo, hulehemu, hufyatua kulia na kushoto kwa kupokezana, hutazama matundu kwenye karatasi, huipasha moto lehemu, husukuma kabari kwa upana wa unywele, hulehemu tena. Anapounganisha mitutu na mtambo wake, hupaka masizi ya taa juu ya chuma, hufunga, hufungua, kisha hupitisha tupa pale tu masizi yalipoguswa. Na baada ya yote hayo, bunduki imelinganishwa kwa aina moja ya risasi na kipimo kimoja cha baruti. Akibadilisha uzito wa risasi, mitutu inaachana.

Kwa nini mateso yote hayo, wakati mtutu mmoja unaua? Kwa sababu mtutu wa pili, wenye kifyatulio chake na mtambo wake, upo kwa ajili ya kosa la mtutu wa kwanza. Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani na maumivu yake, na mwindaji anayehangaika kupakia risasi nyingine amemwacha kiumbe kati ya uhai na mauti. Mtume alifundisha, katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws na kupokewa na Muslim, kwamba Mungu ameandika ihsani katika kila kitu, hata katika kuua, na kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake na ampunguzie mnyama taabu. Sisi tuna methali: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Katika methali ukali wa kisu ni nguvu ya mwenye nacho. Katika mafundisho hayo ukali wa kisu ni haki ya anayechinjwa. Aliyenunua bunduki, ikishindwa kufyatuka, anaweza kumnyooshea kidole mwenye kiwanda. Aliyeitengeneza mwenyewe hana wa kumnyooshea. Lehemu ikiachia, mitutu ikiachana, mnyama akakimbia na risasi tumboni, mnyororo wote unaishia kwenye mkono mmoja. Fiqhi inalijua jambo hili: mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta, hata kama nia yake ilikuwa kuponya. Sioni kwa nini mwenye kujitia ufundi wa kuua aulizwe kwa upole zaidi.

Mwanafunzi wa madrasa atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema kwamba bunduki yenyewe ina mushkeli kabla hatujafika kwa fundi. Ibn Hajar al-Haytami, mmoja wa nguzo za madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani yetu, aliandika katika karne ya 16 kwamba kuwinda kwa bunduki ya moto ni haramu, kwa kuwa inaunguza na kuua kwa haraka, isipokuwa kwa stadi anayejua kwamba atampasua ndege bawa tu. Sitaki kuipuuza kauli hiyo. Lakini tazama anachokihofia: chombo kinachoponda na kuunguza badala ya kupenya, na mpigaji asiyejua risasi yake itafanya nini. Wanavyuoni wa baadaye, kama al-Shawkani wa Yemen aliyefariki mwaka 1834, waliihalalisha risasi kwa sababu inatoboa na kupenya kama ncha ya mshale. Wanaokataa na wanaoruhusu wote wanapima kwa kipimo kimoja, nacho ni jinsi jeraha linavyopatikana na elimu ya anayelisababisha. Na njia ya salama ipo wazi kwa pande zote: kumfikia mnyama angali na uhai, na kumchinja.

Pingamizi la pili ni la mtu wa vitendo. Mnyama, atasema, hajali nani aliyetengeneza bunduki. Kiwanda chenye mashine za leo hupima vizuri kuliko jicho la fundi wa nyumbani. Basi fundi huyu anatumikia fahari yake kwa gharama ya mnyama. Nakubali nusu ya kwanza yote. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki nyepesi ambazo wenzake waliziona za kuwindia swala. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na elimu hiyo ikafanya kazi ambayo wengine waliitafuta katika uzito wa risasi. Idadi yake inatisha, nami siisifu. Nasema tu kwamba inathibitisha kuwa elimu ndiyo inayofupisha maumivu. Kutengeneza kwa mkono kuna thamani kwa kadiri kunavyomlazimisha mtu kujua. Fundi ambaye bunduki yake haijafikia kipimo cha kiwanda aitundike ukutani.

Pingamizi la tatu linauma zaidi, kwa sababu ni la kwetu. Bunduki ya kutengenezwa nyumbani tunaifahamu: inaitwa gobore. Mhunzi huichonga kutoka kwenye bomba, hujazwa kwa mdomo, baruti kwanza kisha vipande vya chuma, na imetumika kwa ujangili na kwa unyang'anyi. Anayesifu bunduki za nyumbani, wataniambia, anasifu gobore. Jibu langu ni kwamba gobore linathibitisha hoja badala ya kuivunja. Limetengenezwa kwa mkono, naam, lakini mkono huo umejificha. Vipande vyake vya chuma vinaruka ovyo, vinapiga kwa ubavu kuliko kwa ncha, na mnyama anakwenda kufia mbali, ambako hakuna wa kumchinja wala wa kumla. Aliyelitengeneza hatajwi, aliyelibeba anakana. Ni kifo kisichokuwa na mwenyewe. Ndiyo maana kibali cha serikali na ukaguzi si urasimu tu. London imekuwa ikijaribu mitutu kwa baruti ya ziada kabla ya kuuzwa tangu Kampuni ya Mafundi Bunduki ilipopewa hati yake mwaka 1637, ili mtutu dhaifu upasuke mbele ya mkaguzi kabla haujampasukia mtu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, kama sheria za Kenya na za Qatar, hailiachi jambo hili kwa matakwa ya mtu binafsi. Fundi anayekubali dhamana hukubali pia kuonekana. Asiyetaka kuonekana asiguse tupa.

Linabaki pingamizi lililo kubwa kuliko yote: mwenye uwezo wa kujenga bunduki kama hii hana njaa. Mtume alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, na wanavyuoni wamechukia kuua kwa mchezo. Mataifa yetu nayo yamegawanyika: Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, Tanzania iliufunga 1973 ikaufungua tena 1978. Hapa sina utetezi wa fahari, na sitautafuta. Bunduki ya mitutu miwili ilikua kwa pembe za ndovu. Kwa Washafii tembo haliwi, na pembe ya mnyama asiyechinjwa kisheria ni najisi. Hata hivyo pembe zilipimwa na kuuzwa Unguja katika karne ya 19, mwendo wa dakika chache kutoka misikitini ambako fiqhi hiyo ilisomeshwa. Ustadi wa chombo haukuwahi kukitakasa kifo kisichokuwa na haja. Nyati analiwa, na nyama yake inaweza kugawiwa kijiji kizima. Kwa windo hilo, na kwa sharti la kula na kugawa, hoja yangu inasimama. Kwa kichwa cha kutundika sebuleni, inaanguka, na naiacha ianguke.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kofia ya mkono ikikosewa kitobo, hasara ni uzi. Chombo cha kuulia kikikosewa, hasara inabebwa na kiumbe asiyeweza kudai fidia duniani. Anayetaka kujenga bunduki kwa mkono wake na ajiulize kabla ya kushika chuma: nitakubali kukaguliwa, nitakila nitakachokiua, na nitasimama peke yangu kujibu risasi ikienda kombo? Akisita katika moja, aache. Hakuna dhambi katika bunduki ambayo haikutengenezwa.