Ufa Ukisikika, Nani Aambiwe?

Mnunuzi wa chungu sokoni hakitazami tu. Hukigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kilicho kizima huitika kwa mlio mrefu. Chenye ufa hutoa mlio mfupi, butu. Mawimbi ya altrasaundi yanayoongozwa, ninayoyasoma katika shahada ya uzamili, hayako mbali na kidole hicho. Ugumu wake mkubwa kwangu hauko kwenye hesabu.

Mkanda wa vihisi hufungwa kuzunguka bomba la chuma. Vihisi husukuma wimbi, na kuta za bomba zenyewe huliongoza kwa makumi ya mita. Wimbi likifika mahali chuma kimeliwa na kutu, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Aina moja inayotumika sana hukimbia takribani mita 3,200 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.01, basi kasoro iko mita 16 kutoka kwenye mkanda. Umefukua shimo moja tu, lakini umekagua kipande kizima kilicho chini ya ardhi.

Kwa mtu wa Ibaba, kule milimani Ileje, bomba la mafuta si habari ya mbali. Bomba la TAZAMA hupita katika mkoa wetu wa Songwe likielekea Zambia. Lina urefu wa kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Lilianza kazi mwaka 1968, baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa Rhodesia mwaka 1965 na Zambia kukosa njia yake ya mafuta ya kusini. Tuchukulie, kwa kufikiri tu, kwamba leo vihisi vinafungwa kwenye bomba la umri huo.

Mtambo wa kufuatilia afya ya bomba huhifadhi picha ya siku ya kwanza, kisha hulinganisha kila siku na picha hiyo. Lakini ikiwa siku ya kwanza tayari kuna kutu, kutu hiyo itaandikwa kuwa ndiyo afya. Mtambo utapiga kelele ugonjwa unapozidi, wala hautauliza kama mgonjwa alikuwa mzima ulipomkuta.

Kuna na uamuzi wa pili. Joto la mchana na baridi ya usiku hubadilisha wimbi hata pasipo kasoro. Kwa hiyo lazima mtu apange kiwango: mabadiliko yakizidi hapa, kengele ilie. Ukikishusha mno, kengele za uongo zitachosha watu hadi wazipuuze. Ukikipandisha mno, utaikosa kasoro ya kweli. Fizikia inakueleza kila uchaguzi utagharimu nini. Haikuambii ni nani abebe gharama hiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inamdhani mtu mmoja: aliyeuona ufa ndiye mwenye ukuta, na ndiye utakayemwangukia. Kwenye bomba, hao ni watu watatu. Mhandisi anasikia, mwenye bomba anaamua, na mkulima aliyelima kando yake hajui lolote. Jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, ndani walikuwamo wafanyabiashara na wateja wao. Mteja anayeingia dukani hana njia ya kugonga nguzo na kusikiliza.

Wako wanaosema wananchi wakiambiwa kila mwangwi watapata hofu bure. Hoja hii ina uzito. Hata daktari hamsomei mgonjwa kila namba ya maabara. Lakini daktari anayemficha mgonjwa ugonjwa wake kwa sababu dawa ni ghali hatumwiti mwenye busara. Kabla ya vihisi, kunyamaza kungeweza kuwa kutojua. Baada ya vihisi, kunyamaza ni uamuzi.

Ndiyo maana naona kazi ya mhandisi haiishii kwenye mwangwi. Kabla mkanda haujafungwa, mkutano wa kijiji uelezwe mambo matatu kwa Kiswahili cha kawaida: kengele italia kwa kiwango gani, nani ataarifiwa ndani ya siku ngapi, na nani ana mamlaka ya kusimamisha mafuta. Wanakijiji hawahitaji kujua hesabu za mawimbi ili kuuliza kwa nini siku zimewekwa thelathini na si tatu.