Nia ya Kata na Nia ya Mpigakura

Kura ya siri humficha mtu na kuianika kata. Matokeo ya uchaguzi wa jiji hutangazwa kwa vituo na kwa kata, lakini jina la mpigakura na alama aliyoitia kwenye karatasi havikutani popote. Anayechambua kura za mjini basi huanza na asichonyimwa, yaani jumla, huku akitamani kile alichofichwa kwa makusudi: nia ya mtu mmoja mmoja. Hapo yanazuka maswali mawili ya kifalsafa. Je, ni halali kutoka kwenye jumla hadi kwa mtu? Na jumla ikitabirika, mtu huyo amechagua kweli?

Uchaguzi wa meya wa Chicago wa Aprili 12, 1983 unayaonyesha yote mawili bila pazia. Harold Washington wa chama cha Democratic alimshinda Bernard Epton wa Republican kwa takribani asilimia 52 dhidi ya 48, akawa meya wa kwanza mweusi wa jiji hilo. Kati ya kata 50, zile za weusi zilimpa Washington zaidi ya asilimia 95 ya kura. Kata kadhaa za wazungu, kaskazini-magharibi na kusini-magharibi, zilimpa kiasi kidogo mno. Za kandokando ya Ziwa Michigan ziligawanyika.

Mwanasosholojia W. S. Robinson alikwisha kutoa onyo mwaka 1950. Akitumia sensa ya Marekani ya 1930, alionyesha kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache, ilhali mhamiaji mwenyewe alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma kuliko mzaliwa wa nchi. Wahamiaji walikuwa wamehamia tu mahali ambapo wenyeji walikuwa wamesoma. Takwimu za majimbo zilikuwa sahihi. Kosa lingekuwa la mtu ambaye angezisoma kama habari za watu.

Hata hivyo onyo hilo halifungi mlango wote. Tuseme kata ina wapigakura 100, weusi 95 na wazungu 5, na mgombea amepata kura 97. Hata wazungu wote watano wakiwa wamemchagua, weusi waliompa kura hawapungui 92. Hapo jumla inamfikia mtu, au karibu yake. Lakini kata yenye nusu kwa nusu ikitoa kura 50, weusi waliomchagua wanaweza kuwa wote 50, au asiwepo hata mmoja. Ajabu ya uchambuzi huu ni kwamba huona vizuri pale watu walipotengwa kimakazi, na Chicago ilikuwa miongoni mwa miji iliyotengana zaidi nchini Marekani. Uhakika wa mchambuzi ulilipiwa na ubaguzi wa nyumba.

Swali la pili ni la zamani zaidi. Mwaka 1784 Immanuel Kant alibainisha kwamba ndoa, zinazotokana na hiari ya watu, hufuata utaratibu ulio imara zikihesabiwa kwa nchi nzima. Kwake utaratibu wa jumla haukuufuta uhuru wa mtu. Chicago inampa ushahidi ambao hakuutafuta. Mwaka 1977 Washington huyohuyo aligombea katika mchujo wa chama chake akaambulia takribani asilimia 11. Kama rangi ndiyo iliyokuwa ikipiga kura, kata za weusi zisingengoja miaka sita. Katikati ya miaka hiyo kulitokea mambo: theluji ya 1979, ambapo treni za jiji zilipita bila kusimama kwenye vituo vya mitaa ya weusi, kisha kampeni ya 1982 iliyoandikisha wapigakura wapya zaidi ya laki moja. Watu walipata sababu, na sababu zao zilifanana kwa kuwa maisha yao yalifanana.

Upande wa pili nao una sababu, ingawa si za aina moja. Kata za wazungu zilizozoea kumpigia Democrat kura ya umeya tangu mwaka 1931 zilimkimbilia ghafla Mrepublican ambaye wengi wao hawakumjua. Asilimia kubwa ya kata moja na asilimia kubwa ya kata nyingine zina umbo lile lile kwenye jedwali. Tofauti ya tumaini na hofu haimo humo. Jedwali humwonyesha mchambuzi tu jinsi kata ilivyoiacha desturi yake, na hata hilo halimhukumu mkazi yeyote mmoja: wapo waliompigia Epton kura kwa kuwa walikuwa Warepublican siku zote.

Sheria haikuweza kungoja wanafalsafa wamalize. Mwaka 1986, katika kesi ya Thornburg dhidi ya Gingles, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali takwimu za maeneo kuwa ushahidi kwamba jamii mbili hupiga kura kwa makundi. Majaji wanne kati ya tisa walikwenda mbali zaidi: kwao, kwa nini makundi hayo hupiga kura tofauti halikuwa swali la mahakama, ilitosha kwamba hutofautiana. Wenzao hawakuungana nao katika hoja hiyo.