Tumaini wa Kezilahabi, Akisomwa Nuu

Ukimsoma Euphrase Kezilahabi ukiwa Nuu, Ukerewe alikozaliwa haiko mbali hata kidogo. Huku kwetu neno "kuhamishwa" halihitaji maelezo. Jirani zetu wa Mui wameishi nalo kwa miaka, hasa tangu Desemba 2013, serikali ilipotia saini mkataba wa makaa ya mawe na kampuni ya kutoka China. Kabla ya hapo kuna habari za Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938 kwa sababu mkoloni alikuwa anapunguza ng'ombe wao kwa lazima, ati ardhi ipumzike. Hata hayo yalisemwa ni kwa faida yetu.

Ndiyo maana Dunia Uwanja wa Fujo (1975) inanisumbua. Riwaya hii ilitoka Operesheni Vijiji ikiwa imepamba moto Tanzania. Tumaini ananyang'anywa shamba, anamuua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Wasomaji wa wakati ule lazima walimkumbuka Said Mwamwindi, mkulima wa Isimani aliyemuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, siku ya Krismasi 1971.

Lakini Kezilahabi hakutupa shujaa. Tumaini huyu ametapanya urithi, amechezea wanawake, kisha akatajirika kwa jasho la wengine. Shamba likichukuliwa, unajikuta unasema: si sawa tu? Hapo ndipo mwandishi anakukamata. Kwani haki ya kuulizwa ni ya watu wema peke yao?

Na tusidanganyane, ujamaa ulikuwa na hoja: shule, maji, zahanati karibu. Mwaka 1968 Nyerere mwenyewe aliandika kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Hoja ilikuwa ileile. Subira ndiyo iliyoisha. Mimi naona mwenye hoja nzuri ndiye hasa asiyekuwa na kisingizio cha kutumia nguvu, maana anacho cha kumwambia mtu.

Katika baraza nilizohudhuria, fidia hujadiliwa kwa ekari, kwa mwembe, kwa kaburi. Watu hubishana bei mpaka jua linatua. Kama mwenye shamba anataka kuondoka au hataki, hilo sijasikia likiulizwa.